Elden Ring: Miisho Sita, Maamuzi Matatu

Gemu ya Elden Ring ilitoka tarehe 25 Februari 2022, na mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Kuhusu ugumu wa mapigano yake yamekwisha andikwa mengi, na sina la kuongeza isipokuwa kwamba ni magumu kweli. Tathmini hii inahusu jambo jingine, ambalo wachezaji wengi ninaowafahamu hapa Dodoma hulilalamikia baada ya kuitumikia gemu hii kwa miezi: mtu anafika mwisho, anamwangusha adui wa mwisho, kisha haelewi ameshinda nini. Rai yangu ni kwamba hadithi hii inaeleweka, tena vizuri kuliko hadithi za gemu nyingi zinazojieleza kila dakika, lakini imepangwa kwa namna ambayo anayekimbilia mwisho hawezi kuipata. Naonya mapema kwamba nitafichua kila kitu, ukiwemo mwisho wenyewe na nyongeza ya mwaka 2024. Asiyetaka kuharibiwa utamu aishie hapa.

Watengenezaji wake ni kampuni ya FromSoftware ya Japani, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, na mwandishi wa Marekani George R. R. Martin ndiye aliyeitungia historia yake ya kale. Mgawanyo huo wa kazi unaeleza mengi. Historia ya nani alimwoa nani, nani alimsaliti nani na vita vilianzaje imekwisha tokea kabla mchezaji hajabonyeza kitufe cha kwanza, na anachokikuta ni mabaki yake, yaliyotawanywa katika maelezo mafupi ya panga, hirizi, mitungi na nguo anazookota njiani. Hakuna mzee wa kukukalisha chini na kukusimulia. Ukiokota kofia ya chuma ukaivaa bila kusoma mistari michache iliyoandikwa kando ya picha yake, umeruka ukurasa wa hadithi, na gemu haitakurudisha.

Aliyewahi kupanda mpaka kwenye michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, eneo lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, ataizoea njia hii haraka. Pale mwambani kuna michoro myekundu na myeupe, mingine imechorwa juu ya mingine, na hakuna maandishi hata mstari mmoja. Anayetaka kujua kipi kilitangulia hutazama rangi ipi imeifunika ipi, kisha hupima. Elden Ring humtaka mchezaji afanye hivyohivyo, na wale wanaosema kwamba haina hadithi wanasema hivyo kwa sababu hawakuambiwa kwamba kutazama ni sehemu ya mchezo.

Uti wa mgongo wa historia hiyo ni huu. Hapo kale, nguvu ya mbali iitwayo Utashi Mkuu ilituma nyota ya dhahabu iliyombeba mnyama, na mnyama huyo ndiye aliyekuja kuwa Elden Ring. Tusidhani ni pete ya kuvaa kidoleni. Ni jumla ya kanuni zinazoamua viumbe wa nchi ile wanazaliwa, wanakufa na wanarudi vipi. Malkia Marika aliibeba mwilini mwake akawa mungu, na utawala wake, Utaratibu wa Dhahabu, ulisimama juu ya kitendo kimoja: kuing'oa kanuni ya Kifo Kilichoandikwa na kumkabidhi mlinzi wake Maliketh aifiche. Tangu hapo walioishi chini ya Mti wa Dhahabu hawakufa kifo kamili, kwa kuwa roho zao zilirudi kwenye mizizi ya mti.

Mambo yaliharibika Usiku wa Visu Vyeusi. Binti mmoja wa kifalme, Ranni, aliiba kipande cha kanuni ile ya kifo, wauaji wakapakwa nguvu yake kwenye visu vyao, na Godwyn, mwana wa Marika aliyependwa na wengi, akauawa roho ilhali mwili wake ukabaki ukiendelea kukua kama ugonjwa chini ya ardhi. Ranni naye usiku huohuo aliuacha mwili wake ufe, roho yake ikabaki, ikaingia kwenye mwanasesere. Baada ya hapo Marika aliivunja Elden Ring. Watoto wake na wa mumewe wakanyakua vipande, wakapigana vita visivyopata mshindi, na jimbo la Caelid likaoza lote pale wawili kati yao, Malenia na Radahn, walipokabiliana. Mhusika tunayemchezesha ni mmoja wa watu waliopokonywa neema na kufukuzwa nchini zamani, ambao sasa wameitwa warudi, wakusanye vipande na kuketi kwenye kiti kilicho wazi.

Kwa nini Marika aliivunja? Gemu haitamki. Baadhi ya wachezaji wanasema ni uchungu wa mzazi aliyefiwa, wengine wanasema ni uasi wa mtumishi dhidi ya Utashi Mkuu uliomweka, na wapo wanaokumbusha kwamba wauaji wa usiku ule walikuwa wanawake wa kabila lake mwenyewe, kwa hiyo huenda alijua. Mimi nimeegemea kwenye uasi, na sababu yangu ni nyundo.

Ukimaliza gemu unaweza kuipata nyundo ya Marika kama silaha, na maelezo yake ni miongoni mwa mistari mizito kuliko yote iliyomo. Yanasema kwamba ni nyundo ya jiwe iliyotengenezwa katika nchi ya kabila lake, nje ya nchi ya mchezo. Kwamba Malkia Marika aliitumia kuivunja Elden Ring. Na kwamba Radagon aliitumia kujaribu kuitengeneza. Radagon ni mume wa pili wa Marika, shujaa mwenye nywele nyekundu aliyemwacha mkewe wa kwanza, Malkia Rennala, ili aolewe, kama tunaweza kusema hivyo, na mungu. Chombo kimoja, kazi mbili zinazopingana, mikono miwili. Halafu mchezaji makini anagundua kwamba mikono hiyo ni ya mwili mmoja.

Ugunduzi wenyewe umefichwa mahali pa wazi kabisa. Katika mji mkuu, Leyndell, kuna sanamu kubwa ya Radagon, na karibu nayo ujumbe mfupi unaodokeza kwamba ni urejeshaji pekee unaofichua siri. Ukisimama mbele ya sanamu ukatamka dua inayoitwa Sheria ya Urejeshaji, jiwe linabadilika mbele ya macho yako: umbo la Radagon linatoweka, anabaki Marika akiwa amenyoosha mikono, na ujumbe mpya unatokea ukisema kwamba Radagon ndiye Marika. Hakuna muziki wa kishindo wala picha ya filamu. Dua hiyo inahitaji mhusika mwenye alama 37 za akili, moja ya sifa ambazo mchezaji huzikuza kidogokidogo, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu mchezaji wa mara ya kwanza hujenga mhusika wa nguvu. Mpwa wangu, ambaye anasoma chuo hapa mjini, alimaliza gemu nzima na mhusika mwenye misuli ya kuangusha majitu na akili tisa. Alinipigia simu usiku.

"Mjomba, shikamoo. Nimemmaliza, nimekaa kwenye kiti. Sasa?"

"Marahaba. Sasa wewe ni mfalme."

"Mfalme wa nini, Mjomba? Mji wote ni majivu."

Swali hilo ni zuri kuliko uchambuzi mwingi nilioupitia. Mji ni majivu kwa sababu yeye mwenyewe aliuchoma: Mti wa Dhahabu ulikuwa umefungwa kwa miiba, na njia pekee ya kuingia ilikuwa kuuwasha moto, ambapo Melina, msichana aliyemsindikiza tangu mwanzo, alijitoa awe kuni. Ndani ya mti alipigana na Radagon, aliyeinuka na nyundo ileile mkononi, mwili ukiwa umepasuka kama chungu, na Radagon alipoanguka akatokea mnyama wa ile nyota. Kisha ikabaki maiti ya Marika, kichwa kimedondoka. Mchezaji anakiokota, anakirudisha mahali pake, anaketi, na sauti ileile iliyofungua gemu kwa kutaja majani yaliyoanguka inasema kwamba hii itakumbukwa kama enzi ya mpasuko. Basi. Kilichomponyoka mpwa wangu ni kwamba katika ulimwengu ule cheo cha Bwana wa Elden ni cheo cha mume wa mungu. Alichokifanya ni kuoa maiti iliyoungwa kichwa, yaani kuendeleza kazi ya Radagon: kukitengeneza kilekile ambacho Marika mwenyewe alikivunja kwa makusudi. Marika, katika maneno yake ambayo Melina anayarudia ndani ya chumba cha malkia, anamwita Radagon mbwa mwaminifu wa Utaratibu wa Dhahabu na kumwambia kwamba wavunjike wote wawili. Mwisho wa kawaida haueleweki kwa sababu ni ushindi wa upande ambao mchezaji hakujua kwamba yuko nao.

Kwa hiyo gemu ina miisho sita, lakini ukiipima kwa kigezo hiki inabaki mitatu. Watengenezaji wenyewe wanakubali, kwa maana tuzo za ndani ya gemu zinazotolewa kwa miisho ni tatu tu.

Minne kati ya sita ni matengenezo ya maiti ileile, tofauti ikiwa ni kiraka, yaani kanuni ya ziada ambayo mchezaji anaweza kuipachika kwenye Elden Ring anapoitengeneza. Bila kiraka unapata mwisho wa mpwa wangu. Fia, mwanamke anayewakumbatia mashujaa ili awape wafu joto lao, anatoa kiraka kinachokirudisha kifo ndani ya utaratibu kupitia maiti ya Godwyn, ili wale wanaoishi wakiwa wafu waache kuwindwa. Mla Kinyesi, na hilo ndilo jina lake, anatoa kiraka cha kumlaani kila mtu, ili laana ikiwa ya wote isiwe aibu ya yeyote; ni mwisho wa kuchukiza, na nadhani uliwekwa uchukize.

Kiraka cha Goldmask kinastahili muda zaidi. Huyu ni mzee mkondefu aliyevaa kinyago cha dhahabu, karibu uchi, asiyesema neno. Anasimama na kuchezesha vidole hewani, huku mtawa aitwaye Corhyn akijitahidi kumfasiria. Siku moja vidole vinasimama. Hesabu yake imegonga ukuta, na hataendelea mpaka mchezaji aende akaifichue sanamu ya Radagon, arudi amweleze. Hapo vidole vinaanza tena, na Corhyn, aliyemfuata kwa imani, anaanza kumwona mwendawazimu. Hitimisho la Goldmask ni kwamba kasoro ya utaratibu ni kigeugeu cha miungu, ambao hawana ubora wowote kuwazidi wanadamu, na kiraka chake kinakiondoa kigeugeu hicho. Wachezaji wengi huuona huu kuwa mwisho safi kuliko yote. Mimi unanitisha: unabaki utaratibu ule uliofuta kifo na kuwafungia wenye laana chini ya mji, safari hii bila hata mungu anayeweza kujuta na kuchukua nyundo.

Njia ya pili ni ya Ranni, nayo ni ndefu. Ni lazima jemadari Radahn auawe, kwa kuwa ndiye aliyezuia nyota zisisogee. Nyota moja ikianguka inatoboa ardhi ya Limgrave, shimo linakupeleka kwenye mji wa chini uitwao Nokron, na humo kuna kisu ambacho Ranni anakitumia kuviua Vidole Viwili, wajumbe wa Utashi Mkuu, vilivyomchagua awe mungu. Mwishoni hachukui kiti. Anakuwa mungu wa mwezi na kuupeleka utaratibu mbali na ardhi, mahali ambapo hakuna jicho la kuuona wala mkono wa kuugusa, kisha anaondoka nao katika safari ya miaka elfu, mchezaji akiwa mwenzi wake. Huu ndio mwisho unaopendwa, na ninaelewa kwa nini: ndio pekee ambao viumbe wanaachiwa nchi yao. Hata hivyo tusimfanye malaika. Damu ya Godwyn iko mikononi mwake, na yeye mwenyewe anaitangaza njia hiyo kuwa ya hofu, mashaka na upweke.

Ya tatu ni Moto wa Wazimu. Chini kabisa ya Leyndell, kupita mabomba ya maji machafu, kuna mlango usiofunguka mpaka uvue nguo zote, na nyuma yake Vidole Vitatu vinakukumbatia na kukuunguza. Fundisho lao linatoka kinywani mwa Hyetta, msichana kipofu: kwamba kila kilichotenganishwa, uhai na kifo, mimi na wewe, ni kosa la Utashi Mkuu, na dawa ni kuyayusha vyote virudi kuwa kitu kimoja. Ukikubali, Melina hachomwi tena. Anakusihi uache, kisha anakuaga. Mwishoni ulimwengu unateketea, na tunamwona akiwa amelifumbua jicho alilokuwa amelifumba gemu nzima, akiapa kukutafuta na kukuletea Kifo Kilichoandikwa. Mchezaji aliyechagua moto ili kumwokoa msichana huyo anaambiwa na msichana huyohuyo kwamba atamuua. Sijakutana na mwisho wa gemu ulioadhibu huruma kwa ukali wa namna hii, na ni mmoja wa wachache unaojieleza wenyewe.

Nyongeza iitwayo Shadow of the Erdtree ilitoka tarehe 21 Juni 2024, na kwa upande wa hadithi imeacha mambo mawili yenye thamani na moja la kukatisha tamaa. La kwanza ni chimbuko la Marika. Tunajua sasa kwamba alitoka katika kijiji cha watu waliokamatwa na kushindiliwa ndani ya mitungi na jamii ya wenye pembe, na kwamba alipokuwa mungu alimtuma mwanawe Messmer akawachome. Kijiji chenyewe bado kipo, kimejaa maua, hakina mtu. Pale unaokota dua ya siri ya Marika, ambayo maelezo yake yanasema kwamba ni wema wa dhahabu tupu bila utaratibu, na kwamba alikimwagia kijiji chake dhahabu hiyo akijua wazi kuwa hakuna aliyebaki wa kuponywa. Mistari hiyo michache imebadilisha namna ninavyoisikia nyundo: aliyeivunja Elden Ring aliwahi kuijua dhahabu kabla haijawa sheria. La pili ni Metyr, mama wa vidole vyote, ambaye mzee Ymir anatueleza kwamba aliharibika na kutelekezwa zamani. Kama hivyo ndivyo, vidole vilivyokuwa vikiamrisha nchi nzima kwa jina la Utashi Mkuu havikuwa vikipokea amri kutoka popote.

La kukatisha tamaa ni Miquella, mwana mwingine wa Marika. Gemu ya kwanza ilimjenga kwa uvumilivu kama mtoto asiyekua, aliyetaka kumponya dada yake Malenia. Nyongeza inamfanya mlaghai anayevua upendo wake mwenyewe ili awe mungu wa huruma ya kulazimisha, wazo ambalo ni zuri, kisha inamaliza kwa kumrudisha Radahn ndani ya mwili wa Mohg, mwana mwingine wa Marika, kwa ahadi ambayo haikuandaliwa vya kutosha. Baada ya pambano gumu kupita kiasi unaonyeshwa kumbukumbu fupi, na hakuna mwisho mpya unaoongezwa kwenye ile sita. Kwa nyongeza iliyouzwa dola 39.99, juu ya dola 59.99 za gemu yenyewe wakati wa kutoka, nilitarajia angalau Miquella aache alama katika chumba kile cha maiti ya Marika.

Kuhusu kuinunua hapa kwetu, vyumba vya gemu vya Majengo au Chang'ombe havitakusaidia, kwa kuwa vimejengwa kwa mpira wa miguu wa kulipia kwa mechi, na hii haichezwi kwa dakika za kukodi. Kwenye kompyuta inadai nafasi ya GB 60 na RAM isiyopungua GB 12, kwa hiyo bando la kuipakua lihesabiwe ndani ya bei. Haina kitufe cha kusimamisha mchezo, lakini inajihifadhi yenyewe kila mara, na umeme ukikatika hupotezi mengi. Kiswahili hakimo, na Kiingereza chake ni cha kizamani. Asiyekizoea asione aibu kusoma maelezo ya hirizi moja mara mbili.

Anayetaka kuilinganisha miisho asilazimike kurudia gemu nzima. Kusanya viraka vyote na ukamilishe safari ya Ranni, kisha kabla hujaigusa maiti ya Marika, kama unatumia kompyuta, nakili faili la kuhifadhia mchezo uliweke pembeni. Utatazama miisho mitano kwa jioni moja. Moto wa Wazimu uache uwe wa mwisho, kwa sababu ukishaupokea unafuta chaguo zote nyingine, na sindano ya Miquella inayouondoa hutumika mahali pamoja tu, katika uwanja wa joka Placidusax, baada ya kumshinda.